Kengele Iliyokatwa Waya

Mwezi uliopita tulimzika Citoyen Kasongo. Bado namwita hivyo, ingawa amri iliyotukataza kuitana bwana na kututaka tuitane raia kwa Kifaransa ilikwisha kufa miaka mingi kabla yake. Kwenye matanga, viti vya kuazima vilipangwa barabarani hadi mbele ya mlango wa jirani, na wastaafu wa kampuni walikaa chini ya turubai wakimkumbuka kwa zamu. Mmoja wao, ambaye Kasongo ndiye aliyempa kazi ujanani, alisimama akasema, "Yule muzee alikuwa na jicho! Ulikuwa unaingia tu mu biro yake, mbele hujafungua kinywa, yeye amekwisha kukujua." Watu wakaitikia, "Njo vile, njo vile," kwa maana ya ndivyo hivyo. Mwingine akaongeza kwamba siku hizi watu wanapimwa kwa kompyuta na bado wanakosewa, lakini yeye Kasongo hakukosea hata siku moja. Nilitazama chai yangu. Nililigeuza neno lile mdomoni kama mtu anayetafuta kijiwe kwenye maharagwe. Maana, kwa namna fulani, ni kweli: Kasongo hakuwahi kukosea, kwa sababu kazi yake ilipangwa hivi kwamba kosa lisiweze kumfikia. Mwaka mmoja niliishi ndani ya mpango ule, kijana mwenye shahada, na sijui kama nilipata kutoka.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Lubumbashi, nimesomea saikolojia ya kazi. Kampuni ndiyo iliyonisomesha, kwa hiyo kampuni ndiyo iliyonipanga Likasi, na bila barua yake ya kuniachilia hakuna ofisi nyingine nchini ambayo ingenipokea. Walinipeleka kwenye ofisi ya majaribio, chumba kirefu karibu na lango la kiwanda, kuta zake zimepakwa rangi ya kijani hadi usawa wa bega, madirisha yake yako juu mno, hata ukisimama huoni kitu ila moshi. Harufu ya asidi iliingia humo saa zote na kukaa kwenye shati. Ukutani alikuwapo Rais na kofia yake ya chui, na kila asubuhi kabla ya kazi tulikusanyika uani kuimba na kucheza kwa heshima yake. Kasongo ndiye aliyeongoza nyimbo, tumbo mbele, beji ya chama kwenye kola ya abakosi yake, ile suti ya enzi zile isiyovaliwa na tai. Sauti yake ilikuwa mbaya, nasi tulimpigia makofi. Nilijifunza mapema kwamba mwaka ule kupiga makofi kulikuwa sehemu ya kazi, kama kuvaa viatu.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima niliseme, maana msomaji anaweza kutarajia jitu. Aliniletea karanga za kuchemsha zilizofungwa kwenye karatasi, aliniuliza habari za mama yangu, na nilipougua malaria alikuja mwenyewe kunitazama. Zamani alikuwa msaidizi wa Mbelgiji aliyeianzisha ofisi ile; alipanga vifaa mezani, alivipangusa vumbi, aliita watu kwa majina. Mbelgiji alipoondoka, kiti kilibaki, naye akakikalia. Alikuwa ameona majaribio mengi kuliko mtu yeyote katika Likasi nzima. Kuyaona tu, si kuyapima. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Lisansie," maana kuanzia siku ile shahada yangu ya licence ikawa jina langu, "weye uko na diplome, miye niko na macho. Miye namuangalia muntu pa mulango. Vile anaingia, vile anasalimia, vile anakaa. Inatosha. Hivi vyuma ni vya kuonyesha wakubwa tu."

Kati ya vyuma hivyo kulikuwa na mashine moja niliyoipenda, na ndiyo iliyoniletea matatizo. Lilikuwa bamba la chuma lenye mfereji uliopindapinda, na juu yake sindano uliyoiendesha kwa vishikio viwili, kimoja kila mkono. Kishikio cha kushoto kilipeleka sindano mbele na nyuma, cha kulia kiliipeleka pembeni. Kazi yako ilikuwa kuifikisha sindano mwisho wa mfereji bila kugusa ukingo. Ukigusa, kengele inalia. Ilitumiwa kwa watu waliotaka kuendesha winchi, zile mashine za kuinulia mizigo zinazopita kwenye reli juu ya vichwa vya watu ndani ya karakana, kwa sababu winchi nayo ina vishikio viwili, na mikono inapaswa kuelewana. Lakini nilipoijaribu, kengele haikulia hata nilipoukwaruza ukingo makusudi. Nikainama nikakuta waya umekatwa. Nikamwambia Kasongo. "Ni miye niliukata," akasema. "Ile kelele inaumiza kichwa. Tena inaogopesha bantu bure. Sasa banafanya muzuri, banamaliza bote." Na kweli walimaliza wote. Walipita mfereji mzima wakigonga huku na huku katika kimya kitakatifu, wakainuka wakitabasamu, na yule aliyetabasamu zaidi ndiye Kasongo aliyemchagua. Aliyekunja uso, akarudi nyuma, akaomba kujaribu tena, alirudishwa kwao. Nakumbuka kijana mmoja kutoka Kapolowe, mikono yake myepesi ajabu, aliyesema mwishoni, "Pale katikati nimekosea kidogo, shefu." Kasongo alimshukuru akamfungulia mlango. "Muntu asiyejiamini mwenyewe," aliniambia, "miye nitamuamini namna gani?"

Waliokataliwa walikwenda zao, kulima au kuuza soko la Kikula, na hakuna aliyejua kama wangefaa. Waliokubaliwa na kisha wakaharibu kazi, kulikuwa na sababu: pombe, mke, kijicho cha majirani, mnyororo wa zamani. Kwa hiyo jicho lilibaki safi. Usiku kitandani nilijiuliza: je, kama kweli ana jicho, nami ndiye kipofu? Mimi nilikuwa na vitabu na miezi michache, yeye alikuwa na miaka. Nilijaribu kumtetea kichwani mwangu kama wakili, nikashindwa, nikaanza upya. Yeye alilala, nina hakika. Ndiyo ajabu ya jambo hili: shaka ilitakiwa kumkaa yeye, ikahamia kwangu, kama mpangaji aliyekosea nyumba.

Mimi mwenyewe nilikuwa mpangaji kwa Mama Kapinga, mjane Mluba wa kutoka Kasai, katika mtaa wa nyumba za kampuni. Nyumba za matofali, zote sawa, jiko nje, kuta za ndani haziifikii bati, hata mtu akijigeuza chumba cha pili unasikia. Nilikula naye na watoto wake: bukari la moto, ndio ugali wa huko, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wadogo waliokaushwa kutoka mto Lufira, ambao aliwagawa kwa mkono wake mwenyewe ili pasitokee ugomvi. "Kula, Lisansie, bukari inapoa. Unafikiri sana, njo maana hunenepi." Mume wake alikuwa dereva wa winchi kwenye karakana kubwa hadi moyo wake uliposimama siku moja akiwa anafunga kamba za viatu. Nyumba ilikuwa ya kazi, si ya familia. Kampuni ilimpa mjane muda wa kuomboleza, kisha ama mwana achukue kazi ya baba, ama nyumba irudishwe apewe mfanyakazi mwingine. Muda ule ulikuwa unakwisha. Mwana alikuwapo, Kabeya, mkubwa wa watoto wote. Jioni, kupitia ukuta usiofika juu, nilimsikia Mama Kapinga akimwambia kwa Kiluba chao, kisha kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie: "Ile kiti ya baba yako haina muntu. Panda."

Kabeya alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye kucheka kabla hujamaliza mzaha. Tangu utotoni baba yake alimpandisha siri kwenye kibanda cha winchi, akakaa miguuni pake akitazama. "Miye ile kazi naijua," aliniambia tukinawa mikono. "Baba alikuwa anafanya hivi, na hivi, basi. Hata mukono haukuwa unasogea." Fundi wa kweli ndivyo anavyodanganya bila kutaka: anafanya kazi hata unadhani hakuna kazi. Mikono ya baba yake haikuonekana ikisogea kwa sababu ilikuwa imekwisha kusahihisha kosa kabla halijawa kosa. Mtoto aliona utulivu, akauchukua huo utulivu kama ndio ufundi wenyewe.

Alipokuja ofisini kwetu, Kasongo alimpenda hata kabla hajavuka kizingiti. Kabeya aliingia kifua mbele, akasalimia kwa sauti ya kujaza chumba, akakaa bila kuambiwa. "Utaweza winchi?" "Shefu, miye nilizaliwa ndani yake!" Kasongo akacheka, akanigeukia. "Lisansie, unaona? Huyu hata mashine si lazima. Tutamuita mbele ya injinia wa karakana akija kutoka likizo, atamuona na macho yake, halafu weye utatia sahihi." Maana sahihi ilipaswa kuwa yangu. Kampuni ilitaka mwenye diplome atie mkono. Jicho lilikuwa lake, jina lilikuwa langu.

Saa sita king'ora kilipolia na Kasongo akaenda kwake kula, nilimwomba Kabeya abaki. Niliunga waya wa kengele. Alishika vishikio akicheka, akaanza, na kengele ikalia, ikalia, haikunyamaza hadi mwisho wa mfereji. Akainua macho. "Hii mashine iko na wazimu." Nikamwambia ajaribu tena. Ikalia vilevile. "Ni ya Babelgiji, ilizeeka," akasema, na bado uso wake ulikuwa na amani kamili. Hakuwa ananidanganya. Alisikia kengele kama unavyosikia kengele ya kanisa la watu wengine.

Jumapili iliyofuata Papa Mwape alikuja kumsalimia mjane. Alikuwa mzee wa karakana, mtu wa kufunga minyororo kwenye mzigo na kuusindikiza chini ukipelekwa. Miaka yote alifanya kazi chini ya winchi ya marehemu. Walikunywa munkoyo, pombe nyepesi ya mahindi, ukumbini, nami nilikuwa chumbani na kitabu nisichokisoma. Nilimsikia Mama Kapinga akisema kwa furaha kwamba shefu amemkubali mwanawe. Nilisikia kikombe cha Papa Mwape kikiwekwa chini. Kisha akasema kwa mzaha, ule utani wa makabila, wa Mbemba kwa Mluba, "Weye Muluba, unataka kuniua ili urithi kofia yangu?" Mama Kapinga akacheka, akamwambia kofia yenyewe imetoboka. Alipotoka alinikuta nimekwisha kutoka nje, kwenye ngazi za mlango, akanishika mkono, na mzaha ulikuwa umekwisha. "Mwana, yule mutoto akipanda juu, miye njo nitakuwa chini. Anaweza?" Nikasema nitaangalia. "Usiangalie," akaniambia. "Unijibu."

Ndipo nilipoona kuta zote za chumba nilimokuwa. Nikisema Kabeya hafai, mjane na watoto wanaondolewa, nami najua ladha ya samaki wake kila jioni. Nikinyamaza, kipande cha chuma kizito kama lori kinaning'inia juu ya kichwa cha Papa Mwape mikononi mwa mtu asiyesikia kengele. Kumwambia Kasongo ilikuwa kumwambia kwamba jicho lake limekosea, na enzi zile mdogo hakumwambia mkubwa neno la namna hiyo. Ulipelekwa kuhojiwa kwa kuvuruga umoja, au ulihamishiwa mahali ambapo hata barua hazifiki. Nchi nzima ilikuwa imekata waya ule, kuanzia juu kabisa. Niliwaza njia hii na ile hadi nikakosa kulala. Mwishowe nilipata moja tu ambayo haikumhitaji mtu yeyote kukubali kosa lake. Nikamjibu Papa Mwape kwamba Kabeya hawezi bado, ila nitamfundisha hadi aweze. Akaniambia, "Basi fundisha haraka."

Injinia alikuwa Ulaya kwa likizo ndefu. Kila saa sita, Kasongo akiwa mezani kwake na kisha kitandani, mimi na Kabeya tulifunga mlango. Alikuja kwanza kwa kunionea huruma. Aliamini mimi ndiye niliyehitaji mazoezi. Nilimwambia asiendeshe, asikilize tu wakati mimi naendesha, aniambie nitagusa wapi. Mwanzoni alisema ovyo. Kisha siku moja alisema, "Sasa," na kengele ikalia baada ya neno lake. Alinitazama kama mtu aliyeguswa begani gizani. Kuanzia hapo mambo yalibadilika, si kwa mikono yake, bali kwa uso wake. Mikono ilifuata pole pole. Uso ulianza kukunjamana mapema. Aligusa ukingo mara chache zaidi kila juma, na kila juma alisema, "Lisansie, miye siko muzuri." Nikamwambia anaendelea vizuri kuliko mwanzo. "Hapana. Mwanzoni nilikuwa muzuri." Tulicheka wote wawili, lakini yeye hakucheka hadi mwisho.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili, labda kupita kiasi, kama ilivyo kawaida yangu. Watu husema asiyejua ana kiburi. Sidhani. Kabeya wa mwanzo hakuwa na kiburi. Alikosa kile tu ambacho kingemwonyesha kwamba amekosa. Sikio linalosikia sindano ikiukaribia ukingo ni sikio lile lile linaloizuia isiguse. Huwezi kupewa moja ukanyimwa jingine. Kwa hiyo asiye nalo anakaa kwa raha, naye si mwongo anapokuambia anajua. Na anayeanza kulipata huumia kwanza, kabla halijamfaa kitu. Nyumbani Kabeya aliacha kuimba akioga. Aliketi mbele ya bukari akisogeza vidole kana kwamba ana vishikio mkononi. Jioni moja nilimsikia kupitia ukuta akimuuliza mama yake kama baba aliwahi kuogopa kule juu. Mama Kapinga alijibu, "Baba yako alikuwa mwanaume," na kitanda kikalia, maana alikuwa amempa mgongo.

Siku ya injinia ilifika. Alikuwa Mzaire kijana, aliyevaa abakosi mpya, mwenye haraka. Kasongo alimweka karibu na dirisha, akamwambia, "Sasa utaona. Huyu njo mutoto wa winchi." Mlango ukafunguliwa na Kabeya akaingia. Alivua kofia. Alisalimia kwa sauti ya kawaida, akasubiri kuambiwa akae. Niliona uso wa Kasongo ukishuka kama mtu aliyefungua sufuria akakuta si nyama aliyoiweka. Kabeya alikaa kwenye mashine. Waya ulikuwa umeungwa. Niliuacha hivyo makusudi. Alipita mfereji mzima kwa utulivu, kengele ikalia mara moja tu, kwenye kona mbaya. Injinia aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini Kasongo alikuwa amekunja uso kwa ile kelele. "Unaona, amegusa. Na hii makelele nani ameirudisha?" Hakungoja jibu. Akamuuliza Kabeya swali lake la siku zote.

"Utaweza winchi?"

Kabeya alitazama mikono yake. Nilikuwa nimemfundisha kila kitu isipokuwa hilo. "Nitaweza, shefu," akasema, "kama mutanipatia muntu wa kukaa na miye kule juu mwezi wa kwanza. Kuna vintu sijavijua bado. Na chini kuna bantu."

Kasongo alicheka hadi akashika tumbo. "Mwanaume anaomba yaya wa kumulea!" Injinia naye akacheka, kwa sababu mkubwa wa ofisi alikuwa anacheka, na kwa sababu alikuwa na haraka. Nilisema kwamba hilo ndilo jibu bora nililowahi kulisikia katika chumba kile. Nilisema pia kwamba baba yake mwenyewe alikaa na mwenzake kule juu kabla hajaachiwa peke yake. Injinia alinitazama, akamtazama Kasongo, akatazama saa yake. "Shefu njo anajua bantu," akasema. Kabeya akavaa kofia yake akatoka, akaufunga mlango taratibu, na hata jinsi alivyoufunga Kasongo aliihesabu dhidi yake.

Mchana ule Kasongo aliniita, si kwa hasira. Aliniletea karanga. "Unajua, Lisansie, mara ya kwanza aliingia hapa, nilimuona mwanaume. Leo nimemuona mwingine. Kuna muntu amemuroga, pengine hata mu nyumba yao. Lakini macho yangu yamemuona, mara mbili. Mara ya kwanza kweli, mara ya pili kweli." Alikuwa na furaha ya kweli, kama fundi aliyepita mtihani. Alikuwa amesema ndiyo na hapana juu ya mtu mmoja, na vyote viwili vimekuwa ushahidi wa jicho lake. Nilikataa kumtilia sahihi kijana aliyemchagua baadaye, mmoja mwenye kifua kipana na sauti ya kujaza chumba. Wakatafuta mwenye diplome mwingine kutoka ofisi ya mishahara, akatia. Kabla ya mvua kuanza, kijana yule aliangusha mtambo mzima juu ya behewa tupu. Papa Mwape alikuwa ameomba mapema kuhamishiwa stoo, kwa hiyo nashukuru Mungu. Kasongo alisema mnyororo ulikuwa wa zamani.

Mama Kapinga alipokabidhi funguo, alifagia nyumba kwanza, hata jiko la nje, hata njia. Vitu vyake vilipakiwa kwenye mkokoteni: vitanda, sufuria, ile meza tuliyokuwa tukilia chakula. Nilijitolea kusukuma, akaniachia. Alikuwa hajanisemesha tangu siku ya injinia. Tulipofika penye mteremko wa kuelekea Kikula, alisimama akajifunga kitenge upya, akasema bila kunitazama, "Lisansie, nilikupa chumba. Nilikupa samaki. Na weye ukamufundisha mutoto wangu kuogopa." Nilitaka kumwambia juu ya behewa na mtambo, juu ya Papa Mwape aliye hai, lakini alikuwa anayajua hayo yote. Alikuwa amekwenda mwenyewe kumsalimia mke wa Papa Mwape. Kujua hakukumrudishia nyumba.

Mimi nilipewa kitanda katika bweni la wasio na wake, na kampuni haikuniachilia. Jumapili nilikwenda Kikula. Walikuwa wamejenga vyumba viwili vya matofali mabichi, bati nusu, turubai nusu. Mama Kapinga alikaanga mikate ya mafuta mbele ya mlango, na pembeni yake Kabeya alitengeneza vinu vya kusagia mahindi, baiskeli, chochote kilichokuwa na meno na mnyororo. Siku moja mwanamke alileta habari kwamba kinu cha mume wake kimesimama, kikaletwa kwenye toroli. Akamuuliza Kabeya kama anakijua. Kabeya alichuchumaa, akazungusha gurudumu kwa mkono, akainamisha sikio. "Sijui bado, mama. Uniache nikifungue kwanza." Ng'ambo ya barabara jirani mmoja mwenye nyundo alipaza sauti, "Mama, leta hapa! Hiyo ni kazi ya kucheza tu!" Mwanamke alisita, akaamuru toroli ivushwe. Walevi wa munkoyo walicheka. "Kabeya, unafukuza bantu na mudomo wako!"

"Si useme tu unajua?" Mama Kapinga alisema, akigeuza mikate kwenye mafuta. "Neno moya. Linakuuma nini?"

"Mama, na kama siwezi?"

"Ile wakati ulikuwa unasema unaweza, tulikuwa tunalala mu nyumba ya matofali ya moto."

Kulikuwa na kinu kingine kilichobaki tangu Ijumaa, cha mtu ambaye hakuwa na haraka, na Kabeya akakivuta karibu. Mama Kapinga akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkokoteni alinitazama usoni. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anataka kujua. "Na weye, Lisansie, ulisoma. Uniambie basi. Muntu atafanya namna gani ili ajue kweli, na apate pia kula?"

Nilianza kulipanga jibu. Lilikuwa na upande mmoja, kisha wa pili, kisha nikaona kwamba ule wa pili unauvunja wa kwanza, nikarudi nyuma nianze vizuri. Nilipoinua macho alikuwa amekwisha kumfungia mteja mikate kwenye karatasi na kumtakia siku njema, na Kabeya alikuwa amelala ubavu chini ya kinu, sikio kwenye chuma, akituomba kwa mkono tunyamaze.